Swala Adai Fidia ya Maumivu

Wanyama walipokuwa bado na bima yao, Kifaru alimvunja Swala mguu. Swala akaenda kwa Nyani, mlipaji wa fidia.

"Mguu nitaulipa," alisema Nyani. "Maumivu siyalipi. Kila nilipokuja kukujulia hali ulisema, 'Alhamdulillahi, nzuri.' Nimeandika hapa. Mwenye maumivu gani huyo?"

"Kweli nilisema, mzee wangu. Nawe ulipomzika mkeo, nilikuja kukupa pole. Ulinijibu nini?"

"Nilisema namshukuru Mungu."

"Ulikuwa huumii?"

Nyani akafuta maandishi yake, akalipa mguu na maumivu yote. Swala akashukuru, akamwombea marehemu rehema, na Nyani akaitikia amina.