Neno la Kushukia

Kizito alianza kusema "shusha" vituo viwili kabla ya bustani ya mabembea, maana ulimi wake ulikuwa na breki kali kuliko za basi.

"Baba, nikusemee?" aliuliza binti yake Tunu, anayemtembelea mara moja tu kwa mwaka. Mwaka jana walipitilizwa, wakarudi geti limeshafungwa.

"N-ngoja, mama. Leo n-nasema mwenyewe. Shu... shu..."

"Mzee, unafukuza kuku humu?" konda akatania. Abiria wakaangua kicheko.

Bembea kubwa likatokea dirishani. Kizito akasimama, jasho likimchuruzika. "Shu... shu..."

Tunu akafumbua mdomo, akaufumba. Basi zima likanyamaza, hata konda, kiganja chake kikiwa hewani, tayari kugonga bodi dereva asimame, akingoja neno litoke.