Mashavu ya Baba

Ukungu wa mashine ya dawa ulimtoka baba mdomoni ukiwa mweupe vilevile kama ulivyoingia. Binti yake akaacha kukunja nguo.

Ilikuwa antibayotiki ya kuvuta kwa pumzi, iliyochanganywa na utelezi uliotengenezwa maabara, mfano wa ule wa mwilini unaozuia mapafu kushikamana. Utelezi huo ndio ungeifikisha dawa kwenye pembe za mapafu zilizoziba. Isipofanya kazi, daktari alikuwa amesema, pafu la kushoto litaondolewa.

“Baba, wewe huvuti. Unajaza mashavu tu kama mpiga tarumbeta.”

“Basi nikupigie wimbo gani?”

“Baba!”

Mzee akauchomoa mrija wa mashine kinywani. Midomo yake ilikuwa iking’aa kwa unyevu.

“Nikivuta nakohoa,” akasema kwa sauti ya chini. “Nikikohoa, damu inatoka.”

“Daktari anajua?”

“Anajua. Wajukuu ndio hawajui, na wako hapo sebuleni.”

Binti akafunga mlango, akaongeza sauti ya redio, kisha akaketi kitandani na kumwekea baba beseni mapajani. Akamshika mgongoni, pale mbavu zilipokuwa zikihesabika.

“Vuta mpaka chini. Ikitoka, tutaiona mimi na wewe tu.”

Mzee akaurudisha mrija kinywani. Chini ya kiganja cha binti, mbavu zikaanza kupanuka.