Risasi ya Hadia

Uani kwa Mzee Mhando, bwana shamba aliinua mche, akawaambia majirani kwamba umebadilishwa vinasaba ili unyonye risasi iliyoachwa ardhini na kiwanda cha betri.

"Mlipobandika tangazo kwamba maji yana risasi," Mhando akamkatiza, "marehemu mke wangu, Hadia, aliyachuja kwa kanga, akitafuta risasi za bunduki. Hakuna mkubwa aliyekuja kutuambia kumbe ni sumu."

Majirani wakacheka. Mhando hakucheka.

"Pole, mzee. Shambani kwako tutapanda miche mia mbili."

"Mimi nataka mmoja tu, wa kaburini kwa Hadia. Aliondoka na risasi mifupani."

Bwana shamba akaeleza taratibu kwamba kila mche ukishakua lazima ung'olewe, ukachomwe kwenye tanuri la wizara.

"Basi siku ya kung'oa waje wakubwa wenyewe," Mhando akasema, akamnyang'anya mche.

Alizunguka nyuma ya nyumba, akapiga magoti penye kaburi, akaanza kuchimba kwa vidole. Bwana shamba alimfuata na ndoo ya maji, akasimama nayo pale, asijue amwagilie au asimwagilie.