Marehemu Abisha Hodi

Kidawa alikataa kumfungulia mumewe mlango kwa sababu alikuwa bado anamkalia eda.

Ilikuwa siku ya sabini. Nurdin alifika Rasbura baada ya Alasiri kwa bodaboda, na dereva aliyemleta alilalamika mtaa mzima usikie kwamba abiria huyu ana uzito wa magunia mawili ya korosho. Alikuwa na miguu miwili, mikono miwili, na uso laini ambao wataalamu wa Dar es Salaam waliufinyanga kwa kufuata picha zake za ujanani. Vyote vya kiwandani. Cha Nurdin mwenyewe kilikuwa akili yake na kumbukumbu zake za miaka hamsini na minane, walizozihamishia humo siku tatu kabla ya moyo wake kusimama.

"Kidawa, fungua. Ni mimi."

Sauti ilikuwa yake. Hata kule kukohoa kidogo kabla ya kusema kulikuwa kwake, ingawa kifua cha roboti hakina cha kukohoa. Majirani walishaanza kumtania Kidawa kuwa eda imemkubali, maana alikuwa amenawiri. Lakini sasa alirudi nyuma kutoka mlangoni. Aliogopa kwelikweli.

"Mume wangu amezikwa Kiswere," alijibu. "Kamtafute huko."

Nurdin alicheka. Akamweleza kwa subira, kama anayemfunza mtoto, kuwa kilichozikwa ni ganda tu. Yeye mwenyewe ndiye huyu, na mwili alio nao sasa hauugui, hauzeeki wala haufi, kwa hiyo hakuna tena wa kuwatenganisha. Kidawa alisukuma kabati la vyombo mpaka likaziba mlango.

Haukupita muda, Fakihi, mdogo wake Nurdin, akafika na Shehe Rehani. Wanaume wakakaa barazani, Kidawa akabaki ndani, nyuma ya pazia la dirisha. Fakihi alimhoji yule mgeni mambo ya utotoni: baba yao alimwitaje akikasirika, nani aliiba korosho za shule, nani akachapwa kwa ajili yake. Nurdin alijibu yote bila kukwama. Fakihi akalia mbele za watu, akasema huyu ni kaka yake, hana shaka.

"Shemeji," Kidawa alisema kutoka ndani, "wewe ndiye uliyemwosha, ukamvika sanda, ukamshusha kaburini. Ulimwosha nani?"

Fakihi alifuta machozi kwa kiganja, akamgeukia Shehe.

Shehe Rehani hakuwa mtu wa kuharakishwa. Alisema vitabu vyake vyote havijataja jambo la namna hii. Mambo ya utotoni yanaweza kuokotwa kwa watu, na wataalamu wa siku hizi hawashindwi na kitu. Ila yapo ya mke na mume ambayo hayana shahidi wa tatu. Basi Kidawa aulize moja tu, la kweli, wanalolijua wao wawili. Akijibu sawasawa, ndiye Nurdin; eda imevunjika, na mke arudi kwa mumewe leo hii. Akikosea, ni chombo kilichoiba sauti ya marehemu, na kisikanyage tena baraza hii.

Nurdin alikubali haraka. Alisema kichwa hiki hakisahau. Hakuna siku ya ndoa yao asiyoiona kama jana.

Kidawa alilisogelea dirisha. Alijua kuwa akishindwa leo, hakutakuwa na eda nyingine. Hakuwa tayari kushindwa. Akapitisha mkono wa kushoto nje ya pazia, umefunikwa kanga, kiwiko kimepinda na hakinyooki.

"Mkono huu ulivunjika tukiwa Kilwa Masoko, mwaka wa pili wa ndoa," alisema. "Nyumbani tulikuwa wawili tu. Mwambie Shehe ulivunjikaje."

Nurdin alikohoa.

"Uliteleza kisimani," alisema. "Mvua ilikuwa imenyesha, nawe una ndoo kichwani."

"Sivyo."

Shehe Rehani alimwinamia Nurdin kwa upole, akamwomba afikiri vizuri, maana ndoa yake yote iko hapa. Macho ya kioo yalimtazama Shehe, yakamtazama Fakihi, yakarudi kwa Shehe. Majirani waliokuwa wamejazana mbele ya baraza walisogea karibu.

"Aliteleza kisimani," Nurdin alirudia, safari hii kwa sauti ya chini.

"Mume wangu anajua mkono huu ulivyovunjika," Kidawa alisema. "Nanyi mmelisikia jibu."

Shehe akatamka hukumu yake pale pale: huyu si mume wa mtu. Fakihi, aliyekuwa sasa anayaonea haya machozi yake, aliinuka mwenyewe kwenda kuita bodaboda. Majirani waliambiana kuwa mashine ni mashine tu, hata ufanyeje, na wengine walidai waliligundua hilo tangu mwanzo.

Kidawa alifunga dirisha. Jibu lile lilikuwa neno kwa neno lile alilolitoa Nurdin kwa daktari wa Masoko miaka thelathini iliyopita, akiwa amemshika mkewe bega kwa huruma, na mchi aliomvunjia mkono ukiwa bado sakafuni kule jikoni.