Mjomba wa Nani?

Sogeeni hapa, wajukuu, na anayetafuna atulie.

Nungunungu alibisha hodi kwenye ghala la karanga la kindi. "Fungueni, ni mjomba!"

Kila kindi akadhani ni mjomba wa mwenzake, wakamfungulia. Akaingia, akawafukuza nje wote, akaziba mlango kwa miiba yake.

"Nileteeni mihogo kila siku, la sivyo karanga mtazisikia tu!"

Watoto wakalia njaa. Bi Tepa, kindi mkongwe waliyezoea kumcheka kwa kufukia akiba yake porini, akaifukua, wakala wote.

Nungunungu naye akala karanga zote, akanenepa, mlango ukamkataa.

"Nivuteni, jamani! Mimi mjomba wenu!"

"Mjomba wa nani? Mtaje dada yako kwanza," Bi Tepa akamwambia.

Nungunungu akakaa humo mpaka akakonda, akatoka uchi, miiba ikabaki mlangoni.

Bi Tepa alirithi mlango na miiba yake. Wajukuu wake wakarithi lile swali.