Damu ya Saa Tano

Wewe uligeuza shingo. Siku mwenzetu Maduhu alipotolewa kwenye geti la mgodi, barua mkononi na kifua kinambana, ulikuwa ng'ambo ya barabara unanunua karanga. Ukajifanya unahesabu karanga. Akafia stendi. Sisi hatujasahau. Haya, leo tazama.

Saa mbili asubuhi Ngusa alipandishwa kutoka chini akiwa ameshika kifua. Zahanati ya kampuni ina marumaru nyeupe na bango: AFYA YAKO KWANZA. Kabla hajapewa hata maji, mtu wa ofisi ya ajira alishafika na barua ya kumwachisha kazi, ina muhuri, imebaki tarehe tu. Alikuwa anatafuna sambusa. Mafuta yakadondokea jina la Ngusa, akayafuta kwa kidole, kidole akakilamba.

Asteria wa maabara akamtoa Ngusa damu. Alimweleza kwamba msuli wa moyo ukiumia huvujisha kitu kiitwacho troponini. Wanapima sasa, wanapima tena saa tano, waone kama imepanda. Ikipanda, barua inapata tarehe. Nyumbani Ngusa alikuwa na watoto watano, na Noela, mkewe, ana mimba ya wa sita.

Aliyembeba mgongoni mpaka zahanati ni Thobias, mwenzake wa kutoboa mwamba. Fahali la mtu. Miaka kumi na moja hajawahi kuomba ruhusa ya kuugua.

"Nipe kadi yako, nkoi wane, rafiki yangu," Thobias alimwambia walipobaki wawili kwenye benchi. "Damu yangu haijui kuugua."

"Wakikutambua?"

"Hawa? Wanasoma namba. Sura zetu kwao ni mawe tu."

Hakikuwa kitu kipya. Kila mwaka, vipimo vya mapafu vikifika, wenye vifua vizima huingia kupimwa badala ya wenzao wanaokohoa. Picha kwenye kadi zilishafutika kwa jasho, na kampuni haikuona haja ya kupiga nyingine.

Saa tano Thobias akaingia maabara na kadi ya Ngusa shingoni. Jasho lilikuwa linamtiririka, anabeua, anasugua taya. Akamtania Asteria kwamba ugali wa muhogo wa jana umekataa kushuka, asije akautoa pamoja na damu. Asteria akaisoma kadi, akaandika namba, akatoa damu. Hakuinua macho.

Thobias akarudisha kadi, akanywa soda ya kushusha gesi, akateremka tena chini kumalizia zamu. Ngusa akabaki kitandani, kifua kimeshaachia, akijiuliza atamlipa nini mtu kama huyu.

Saa sita daktari akatoka maabara mbio. Mtu wa ajira akapapasa mfuko, akapata kalamu.

"Lala, Ngusa. Usinyanyue hata mkono," daktari alisema. "Damu ya saa mbili ilikuwa safi kabisa. Hii ya saa tano, moyo unakufa."

Kalamu ikaanza kuandika tarehe.

Ngusa akaruka kitandani. Na wewe uliye karibu na simu, usigeuze shingo tena: piga huko chini, waambie wampandishe Thobias, sasa hivi.