Taa Mbili za Kijani

Kwa miaka tisa Mwanakombo alikuwa akiunda masanduku mawili ya kutambua aina mbili za mwanga hafifu, zinazofanana kiasi kwamba hakuna jicho la kuzitenganisha. Siku moja kabla ya wanunuzi kufika, aliyaweka katika vyumba viwili na kufunga mlango wa katikati, kama mashahidi wasioruhusiwa kusikilizana. Kila sanduku likaulizwa maswali elfu moja, yote yakichaguliwa kwa dadu.

"Dada, unajisumbua bure," alisema Shekue, mwenzake wa kazi. "Umeyaunda kwa mikono yako. Nani ayajue kukushinda?"

"Ndiyo maana siyaamini. Mzazi haoni makengeza ya mwanawe."

Walilinganisha majibu ya vyumba viwili mstari kwa mstari, kila jozi iliyooana inavyotakiwa ikipata alama moja. Hata masanduku yasiyotambua chochote, yaliyokaririshwa majibu tu, yangeweza kufika alama mia saba na hamsini kati ya elfu. Ya Mwanakombo yalipata mia saba na arobaini.

Shekue akashusha sauti. "Lakini taa za kijani za kuonyesha kwamba yanafanya kazi zimewaka muda wote. Wanunuzi wataangalia taa tu."

Mwanakombo alichukua bisibisi. Akaing'oa taa ya sanduku la kwanza, akavuka mlango, akaing'oa na ya pili, akazitia zote mfukoni.

"Waambie waje mwakani," alisema. "Na dadu watarusha wao wenyewe."

Kisha akapiga magoti na kuanza kufungua kifuniko cha sanduku, taa mbili zingali na joto pajani mwake.